Biringanya Zisizo na Kofia

Mwaka uliotangulia, bendera ilikuwa mbele kabisa ya vidole vya Gueh-tho. Ilisimama juu ya boya, nyekundu, ikipepea kana kwamba inamwita kwa jina. Yeye alikuwa amelala kifudifudi juu ya shingo ya joka la mbao lililochongwa mbele ya mashua yetu, miguu ameikaza kwenye mbao za omo, mkono wa kulia ameunyoosha mpaka bega lilitaka kuchomoka. Nyuma yake wanawake wa kijiji chetu, Sua-lun, walipiga makafi kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Mimi nilikuwa katikati ya mashua, napiga ngoma, namwona vizuri. Mara kifuniko cha mkono wake, kile cha kitambaa chenye maua, kikanasa kwenye pembe ya joka. Mkono ukasimama hewani. Bendera ikapita. Wenzetu wa kijiji cha pili, ambao tulikuwa tumeshawaacha nyuma, wakaichomoa ya kwao kwa utulivu, kama mtu anayechuma ua njiani.

Katika mashindano ya Sikukuu ya Mwezi wa Tano, mshindi si mashua inayofika kwanza. Mshindi ni mkono unaoshika bendera kwanza. Kwa hiyo tulishindwa na pembe ya joka letu wenyewe.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini alipanda joka na vifuniko vya mikono. Kumuuliza mwanamke wa pwani yetu kwa nini amejifunga ni sawa na kumuuliza samaki kwa nini ana magamba. Maji yakipwa tunakwenda kwenye matope kuvuna chaza, na kule hakuna kivuli hata cha kumtosha kaa. Basi tunavaa kofia pana, juu ya kofia mtandio, mtandio unafunika pua na mdomo, mikononi vifuniko kutoka kiganjani hadi kwapani. Macho tu ndiyo yanabaki nje. Weupe ndio uzuri, mama zetu walituambia, na sisi hatukubishana nao. Wanaume hucheka wakisema kwamba ukitaka kumjua mkeo kwenye matope, sharti umtukane kwanza, ndipo utasikia sauti yake.

Gueh-tho hakuzaliwa hapa. Alitoka upande wa vilima, kwenye mashamba ya mananasi, akaolewa na Tiksing. Siku ya kwanza alipokanyaga matope alizama hadi magotini, akaacha kiatu kimoja, na akacheka mpaka wavuna chaza wote wakasimama kumtazama. Leo anafungua chaza haraka kuliko mama mkwe wake, jambo ambalo mama mkwe hajalisamehe. Ana mikono mirefu isiyolingana na kimo chake. Ndiyo maana kijiji kizima kinamwita Korongo. Anacheka kwa sauti, anakula kwa haraka, na akikupenda anakupiga kibao cha mgongo kinachokufanya ukohoe.

Baada ya siku ile ya bendera, alikitundika kifuniko kilichochanika kwenye msumari wa jikoni, juu ya jiko la wali. Kikakaa pale mwaka mzima.

"Kitoe hicho kitambaa, kinanitia huzuni," Tiksing alimwambia mbele yangu siku moja.

"Na mimi kinanitia hasira," alijibu. "Kiache. Hasira yangu bado ina kazi."

Mazoezi ya mwaka huu yalipoanza, nahodha wetu, Mama Bi-luan, alituita barazani mwa hekalu. Huyu ni mama mpana, mwenye sauti ya kuvunja sahani. Wengi tulidhani angemweka mtu mwingine juu ya joka. Hakufanya hivyo.

"Korongo," alisema, "nani mwingine ana mikono kama yako? Hakuna. Utapanda tena. Lakini mwaka huu unapanda mikono mitupu! Nikiona uzi mmoja juu ya ngozi yako, nakushusha na kumpandisha Siok-ban. Umenisikia?"

Siok-ban, mdogo kwa umri kuliko wapiga makafi wote, alinyoosha mkono wake kuupima na wa Gueh-tho, akaguna. Wenzake wakacheka. Gueh-tho hakucheka.

Jioni ile alikuja nyumbani kwetu, akafunga mlango kwa mgongo wake, akavuta kifuniko cha mkono hadi begani.

"Mwalimu," aliniita, maana ndivyo wanavyoniita tangu nipate kazi shuleni, "wewe umesoma. Hii ni nini?"

Kuanzia juu ya kiwiko hadi begani, ngozi yake ilikuwa imejaa madoa meupe. Mengine yalikuwa madogo kama punje za mchele, mengine yameungana yakawa mabaka yenye ukingo wa kupindapinda kama ramani ya visiwa. Yalipanda hadi shingoni, na fulana ya mazoezi ingeyaacha wazi kwa kila mtu.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu zamani. Yanakuja wakati wa joto, yanafifia wakati wa baridi. Mwaka jana ndiyo yaliyonifanya nivae vile vifuniko. Si jua, Mwalimu. Jua silijali! Nilikuwa nayaficha haya." Akashusha sauti. "Sasa Bi-luan anataka mikono mitupu. Wakiyaona, nani atakubali kukaa nyuma yangu? Nitashushwa. Na bendera ile ni yangu, unanielewa? Naiota."

Nilimwelewa. Kesho yake, baada ya masomo, nilimpakia nyuma ya pikipiki yangu tukaenda mjini Lukang, kwenye duka la dawa za miti la Bwana Khoo.

Duka hilo lina harufu ya maganda ya mdalasini na vumbi. Bwana Khoo alikuwa amekaa nyuma ya meza anatafuna popoo, redio inatangaza mchezo wa besiboli, na yeye anautukana upande wake kwa sababu unapoteza. Hakupunguza sauti tulipoingia.

"Mkono," alisema bila kutusalimu.

Gueh-tho akautoa. Bwana Khoo alichukua unyoya kutoka kwenye ufagio wa manyoya ya kuku. "Funga macho. Nikikugusa, sema."

"Hapo. Hapo. Hapo, na unanitekenya, bwana!"

"Vizuri. Baka lisilohisi chochote silitibu mimi. Hilo ni la hospitali, na siku hiyohiyo." Akaliparua baka moja polepole kwa ukucha. Juu ya ngozi ukatoka unga mwembamba, mweupe, kama wa mchele uliosagwa. Akaupuliza. "Aha! Hii ni mba tu. Ingekuwa mbalanga, rangi ingekuwa imekufa kabisa, nyeupe kama karatasi, na nisingepata unga hata ningeparua mpaka Mwaka Mpya. Mama, una kuvu wa jasho. Una bustani ya uyoga mkononi."

"Uyoga!" Gueh-tho aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nimeutoa wapi?"

"Kwenye hivyo vitambaa vyako. Unajifunga kama mkate wa wali kwenye majani, unatoka jasho kutwa nzima, jioni unavitundika bila kuvifua, asubuhi unavivaa tena. Ningekuwa kuvu na mimi ningehamia humo! Sasa sikiliza." Akachukua chupa mbili, akapima kwa kijiko. "Salfa ya unga, na shabu iliyosagwa. Nunua biringanya. Kata kile kikofia chake cha juu, pamoja na nyama kidogo. Chovya kwenye unga, sugua mabaka asubuhi na jioni mpaka ngozi ipate joto, lakini isichubuke. Jaribu kwanza mahali padogo. Ikiwaka, osha, acha. Usipake usoni, usiguse macho. Na vifuniko uvichemshe, halafu uvitundike juani. Na wewe mwenyewe pia."

"Mimi nifanye nini?"

"Ujitundike juani. Kidogo, asubuhi. Dawa inaua kuvu tu, mama, haipaki rangi. Rangi itarudishwa na jua, taratibu."

"Niwe mweusi kama sufuria ya kukaangia?"

"Umeshaolewa?"

"Nimeolewa."

"Basi mumeo ameshanunua, harudishi. Nenda."

Tulicheka njia nzima, tukapitia kwa Mama Tsun, muuza mboga wa kijiji chetu, tukanunua biringanya ndefu za zambarau, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi, kabla maji hayajapwa, Gueh-tho alisimama uani na kikofia cha biringanya mkononi, anasugua, anaimba, vumbi la njano linaruka. Kikofia kina ukakasi fulani chini yake unaofanya unga ushike. Nilijaribu mwenyewe kwenye kiwiko changu kisicho na kitu, kwa udadisi tu. Nyumba nzima ilinuka kama fataki. Na kwa kuwa Gueh-tho hatupi chakula, biringanya zilizobaki bila kofia zilipikwa. Zilikaangwa na rihani. Zilichemshwa na kitunguu saumu. Zilitiwa kwenye supu ya chaza, jambo ambalo hata paka wao hakulikubali.

"Mke wangu," Tiksing alisema akiwa ameshika vijiti juu ya bakuli, "sisi tumeikosea nini biringanya?"

"Kula. Inachangamsha mwili."

"Mimi nimechangamka tangu juzi. Naomba samaki."

Mama mkwe wake naye hakuwa na imani na Bwana Khoo. Yeye alikuwa na dawa zake: maji ya kuoshea mchele, tangawizi iliyopondwa, majani ya pakanga ya kuogea. Na juu ya yote alikuwa na maji ya adhuhuri, yale yanayotekwa kisimani siku ya sikukuu jua likiwa katikati ya utosi, ambayo hayaozi na huponya kila kinachotokea kwenye ngozi. "Unahangaika bure na mboga," alimwambia. "Subiri adhuhuri ya sikukuu."

"Mama, adhuhuri ya sikukuu mashindano yatakuwa yameisha!"

"Basi ungeugua mapema zaidi."

Siku zilivyosonga jambo la ajabu likatokea sokoni. Nilikwenda kumnunulia Gueh-tho biringanya, nikakuta Mama Tsun amesimama mikono kiunoni mbele ya kikapu kitupu.

"Zimeisha, Mwalimu! Tangu nianze kuuza mboga sijaona. Na wengine wana adabu gani? Jana nimegeuka kumrudishia mtu chenji, nageuka tena, biringanya zangu tatu hazina kofia! Zimekatwa kichwa, zimelala pale kama majambazi walionyongwa! Nani anaiba kofia za biringanya?"

Nilijibu kwamba sijui, na nilikuwa nasema kweli.

Kisha furaha yetu ikaingia mchanga. Gueh-tho alikuwa amefuata kila alichoambiwa. Alikuwa amevichemsha vifuniko, na asubuhi aliketi uani mikono wazi, akigeuka kama samaki anayeanikwa. Ngozi yake nzima ikawa ya shaba, inapendeza. Lakini mabaka! Yalionekana meupe kuliko mwanzo, yamekatika wazi kabisa, kama chokaa kwenye ubao.

Alikuja kwangu amekunja uso. "Khoo ameniua. Angalia! Nimegeuka ng'ombe wa maziwa."

Nilimshika mkono, nikasogea naye dirishani penye mwanga. Nikakumbuka ukucha wa Bwana Khoo. Nikaparua baka kubwa, lile la karibu na bega. Nikaparua tena. Nikapuliza.

"Dada! Hakuna unga."

"Parua vizuri."

Akaparua mwenyewe, kwa ukucha wake mgumu wa kufungulia chaza, kwenye mkono wa kulia, wa kushoto, shingoni. Hakuna. Ngozi ilikuwa laini kama ya kiganja cha mtoto. Mabaka yalibaki, lakini yalikuwa matupu, nyumba ambazo wapangaji wameshahama. Yalizidi kuonekana kwa sababu ngozi ya pembeni ilikuwa imeungua na jua, basi. Kuvu amekufa! Gueh-tho alinipiga kibao cha mgongo, nikakohoa, tukaruka pale chumbani kama wanafunzi waliosikia shule imefungwa.

Halafu akasimama ghafla. "Lakini wao hawatajua. Wao wataona nyeupe tu."

Ilikuwa kweli, na zoezi la mwisho lilikuwa kesho yake. Zoezi hilo lilikuwa la mavazi kamili: mikono mitupu kwa mpanda joka, na joka lenyewe limeshachorwa macho na kupewa uhai na mkuu wa hekalu.

Tulikusanyika ukingoni mwa mto asubuhi. Gueh-tho alikwenda moja kwa moja mbele ya mashua, akavua kifuniko cha kulia, akavua cha kushoto, akavitupa kwenye majani. Wanawake wa Sua-lun wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

"Korongo," Mama Bi-luan alisema hatimaye, "ni nini hicho?"

"Ilikuwa mba. Imekufa. Tazama, naparua, haitoi unga." Akaparua mbele yao.

"Sisi tutajuaje kama imekufa?"

"Njoo uparue mwenyewe, nahodha."

Mama Bi-luan hakusogea. Badala yake aliukaza mtandio wake shingoni. "Unataka kulilalia shingo joka lililokwisha kupewa uhai, na mikono hiyo? Na watu wa Lukang wote wanatazama? Na Siok-ban anayekaa nyuma yako, maji yanayokurukia wewe si yanamrukia yeye?"

Siok-ban alitazama maji.

"Nilingoja mwaka mzima," Gueh-tho alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si yake kabisa. "Mwaka jana niliyaficha, tukashindwa. Mwaka huu nimeyaonyesha. Sasa mnataka nifanye nini, niyang'oe?"

"Tule kwanza," Mama Bi-luan alisema. "Baada ya chakula nitasema nani anapanda."

Tukakaa barazani mwa hekalu kwa safu, kila mtu na kopo lake la chakula. Gueh-tho alikaa mwisho wa safu, peke yake, nami nikahamia karibu naye. Mifuniko ikafunguliwa. Harufu ikapanda. Nikaijua kabla sijatazama, maana pua yangu ilikuwa imeishi nayo: rihani, kitunguu saumu, mafuta ya moto.

Nikatazama kopo la Gueh-tho. Biringanya. Nikatazama la Siok-ban. Biringanya. La aliyefuata, biringanya. La baada yake, biringanya za kuchemsha. Safu nzima ilikuwa ya zambarau! Nikamgusa Gueh-tho kwa kiwiko. Akainua kichwa, akaitazama safu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pembe za mdomo wake zikaanza kutetemeka.

"Jamani," alisema kwa upole mkubwa, "mbona leo wote tunakula biringanya?"

Vijiti vikasimama.

"Sikukuu imekaribia," alijibu mmoja haraka. "Si tunaambiwa kula biringanya uchangamke?"

"Hiyo ni siku ya sikukuu yenyewe, mama. Leo bado!"

"Mimi... mume wangu anazipenda."

"Mumeo? Alimwambia Tiksing juzi kwamba akiona nyingine atahamia Taipei!" Gueh-tho alikuwa amesimama sasa. "Na kofia zake ziko wapi? Eh? Mama Tsun analia sokoni, anaibiwa kofia za biringanya. Nani kati yenu ana kofia za Mama Tsun?"

Kisha kicheko kikamponyoka Siok-ban, kicheko cha puani, kile ambacho mtu akikizuia kinatoka na wali. Akaweka kopo chini, akashika kifuniko cha mkono wake, akakivuta chote. Kiwiko chake kilikuwa cha njano kwa salfa, na juu yake mabaka, kama ya Gueh-tho tu, mtu na dada yake.

"Nisamehe, dada," alisema. "Bwana Khoo aliniambia mimi ndiye wa kwanza kijijini."

"Aliniambia mimi ndiye wa kwanza!" akapaza sauti mwingine.

"Na mimi!"

"Mwongo yule! Kwangu alisema salfa imeisha, nikadhani anapandisha bei!"

Oh, laiti mngeona! Vifuniko viliruka kama maganda ya karanga. Mikono ilitoka iliyopauka, iliyopigwa unga wa njano, yenye madoa machache, yenye mengi, na mingine isiyo na doa lolote ambayo wenyewe walivua kwa kuona aibu ya kubaki wamefungwa peke yao. Wakaanza kuparuana wao kwa wao pale barazani. "Wewe bado una unga, endelea kusugua!" "Wewe umepona, shangazi, hongera!" Mlinzi wa hekalu alitoka kuona kuna nini, akarudi ndani upesi.

Alibaki Mama Bi-luan. Wote tukamgeukia. Kwenye kopo lake, juu ya wali, biringanya zilikuwa zimelala kwa mpango mzuri. Akazitazama, akatutazama. Kisha polepole akaufungua mtandio wake. Mabaka yalimzunguka shingo kama mkufu.

"Tangu nikiwa bibi harusi," alisema. "Niliogopa Korongo akipanda na mabaka yake wazi, kesho mtaniambia na mimi nivue." Akakohoa, akairudia sauti yake ya kuvunja sahani. "Haya! Mnatazama nini? Korongo anapanda joka! Na wengine wote, siku ya mashindano, hakuna vifuniko! Wenye unga watasugua mpaka uishe. Yeyote atakayejifunga nitamtia mtoni!"

Siku ya sikukuu Lukang ilikuwa imefurika. Wanawake wa kijiji cha pili walikuwa wamejifunga vizuri, vitambaa vipya, rangi moja, wanapendeza kusema kweli. Walipotuona tukishuka na mikono yetu ya shaba na mabaka, mmoja akapaza sauti:

"Chui wa Sua-lun wamefika!"

"Chui hapigi kelele, mama," Siok-ban alimjibu. "Anakamata tu."

Bunduki ikalia. Nikapiga ngoma, na makafi yakaingia majini kama kafi moja. Sikuwahi kuhisi mashua ikiinuka vile! Mikono mitupu inavuta vizuri, hakuna kitambaa kilicholowa, hakuna kinachokaza kiwikoni. Hata hivyo wenzetu walikuwa na nguvu. Tulikwenda sambamba, vichwa viwili vya joka vikitazamana kwa pembe ya jicho. Mama Bi-luan alikuwa kwenye usukani akitutukana kwa upendo. Daraja likapita juu yetu. Nikaanza kuziona bendera.

Gueh-tho akatambaa mbele. Akalikumbatia joka shingoni, akateleza mpaka tumbo likawa juu ya kichwa cha joka, kati ya pembe mbili. Mkono ukatoka. Nikaona ukipita ubavuni mwa pembe ileile, na ngoma nikaipiga kwa mazoea tu. Pembe ilimkwaruza. Niliona mstari mwekundu ukichoreka juu ya ngozi. Lakini ngozi hainasi! Mkono ukateleza, ukaendelea, ukazidi kuwa mrefu kuliko ulivyowahi kuwa, vidole vikafunguka, vikafunga.

Mashua ikaendelea, mti wa bendera haukutoka mara moja, na Gueh-tho hakuuachia. Joka likapita chini yake. Akaanguka mtoni, chubwi!

Mashua ya pili ilichomoa bendera yake, ikaanza kushangilia. Kisha, mbele ya meza ya waamuzi, kitu kikapasua maji. Kwanza bendera nyekundu, imelowa, imejikunja kwenye mti. Halafu mkono mrefu wenye mabaka meupe na damu kidogo. Halafu kichwa cha Gueh-tho, kinacheka na kutema maji.

Mwamuzi aliinua kipaza sauti. "Iliyoshikwa kwanza ni ya Sua-lun!"

Mengine yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa mpangilio, maana nililia, nikapiga ngoma bila mdundo, na Mama Bi-luan akajitupa mtoni na nguo zake zote ili amkumbatie.

Adhuhuri ilitukuta kisimani kijijini. Mama mkwe alikuwa ameshateka ndoo yake ya maji ya adhuhuri, na hakungoja ruhusa. Alimmwagia Gueh-tho mikono yote miwili. "Hayo ndiyo yatakayokuponya," alisema. "Mwakani mtakumbuka."

Bwana Khoo, aliyekuja kula mikate ya wali ya bure, alikasirika. "Ni salfa yangu, bibi!"

"Ni maji yangu!"

"Nisikilizeni wote," Tiksing alisema. "Aliyekula biringanya ni mimi."

Bendera walimkabidhi Gueh-tho aende nayo nyumbani kwa usiku mmoja kabla ya kupelekwa hekaluni. Aliitundika kwenye msumari wa jikoni, na kifuniko kilichochanika akakifanya kitambaa cha kufutia kisu cha chaza. Mabaka hayakuondoka siku ile wala mwezi ule. Yalijaa taratibu, kutoka kingoni kwenda katikati, kama matope yanavyojaa maji ya bahari, na tulipoketi nje kutazama mwezi mpevu wa mwezi wa nane, ilibidi atuonyeshe kwa kidole yalikokuwa.

Asubuhi baada ya sikukuu nilipita sokoni. Mama Tsun alikuwa ameagiza biringanya kikapu kikubwa kuliko vyote, zinang'aa, kila moja na kofia yake, na alikuwa amekaa nyuma yake na kisu mkononi, tayari kwa mwizi.

Hakuna aliyenunua hata moja.